Somo: Baruti ya bastola na kipimo chake (someni kwanza, ndipo muulize)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Mkuu, tisa milimita niweke baruti gani, kiasi gani?" Namba sitoi, na anayekutajia kwa kichwa bila kitabu mkwepe. Kama sheria ya ulipo hairuhusu kujaza risasi nyumbani (yaani kulitia ganda tupu fataki, kiwashio cha kitakoni, kisha baruti, kisha kichwa, kile kinachoruka), somo lako limeishia hapa.

1. Miwani machoni, sigara nje.

2. Kitabu cha mtengenezaji wa baruti, toleo la karibuni. Kipimo ni cha kichwa kile kile, uzito ule ule. Kichwa cha madini ya risasi matupu na kilichovikwa shaba havina kipimo kimoja.

3. Mtutu wa bastola ni mfupi, hivyo huhitaji baruti inayoungua haraka. Ila kuna baruti ambazo kidogo mno kinatosha, ukijaza mara mbili ganda linameza na hujui. Mimi huchagua yenye wingi, inayopita nusu ya ganda. Ukirudia, inamwagika mezani.

4. Kopo moja tu mezani. Baruti isiyo na lebo si ya kukisia.

5. Anza na kipimo cha chini cha kitabu, panda kidogo kidogo. Usishuke chini yake pia.

6. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na trei ya maganda 50, mlango ukagongwa. Niliporudi nikaendelea nilipodhani nimeishia, kumbe nimeruka moja. Siku ya shabaha ikalia "puf", mkono haukusukumwa. Kidole kilishaanza kuvuta tena, mwenzangu akanishika bega. Kichwa kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu. Fataki peke yake inatosha kukifikisha hapo. Ingefuata nyingine, mtutu ungepasuka mkononi. Sasa namulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka vichwa. NIKIKATIZWA, namwaga trei nzima naanza upya. Na sauti ikiwa hafifu, acha kufyatua.

MASWALI

– Kitabu ghali mkuu. Si nitumie tu kipimo cha rafiki yangu?
Hapana.

– Kitabu kinasema 5, mizani yangu ni ya gramu. Niweke gramu 5?
Kitabu kinasema greni, kipimo cha uzito kidogo kuliko gramu. Gramu 1 ni greni 15.4, kwa hiyo gramu 5 ni greni 77. Hata haziingii kwenye ganda lako! Rudi namba 2, na usiguse kitu mpaka uwe na mizani ya greni.

– Samahani mzee, kwa nini mnaogopa kichwa kikizama kidogo ndani ya ganda?
Swali zuri hili. Nafasi ya gesi inapungua, shinikizo linaruka, na ganda la tisa milimita ni dogo kwa hiyo milimita moja ni nyingi. Kandamiza kichwa kwa dole gumba ukingoni mwa meza. Kikisogea, hakijabanwa vizuri. Na usiingize risasi ile ile kila siku kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi), kila ikiingia kichwa kinagonga na kusukumwa ndani ya ganda.

– Mizani yangu inacheza yenyewe.
Zima feni. Ikiendelea, ihakikishe kwa jiwe lake la kupimia.

– Niongeze: baruti iliyooza hunuka uchachu na kutoa vumbi la rangi ya kutu.
Kweli kabisa. Na msiilaze baruti usiku ndani ya kikombe cha mashine ya kujazia. Inakula plastiki, na asubuhi umeshasahau ni ipi.