Fahali bora asiwe wa kwanza kupanda lori

Lori la mifugo linaposubiri pale Mushaki au Kitchanga, huku Kivu Kaskazini, kuteremka mjini Goma, fahali anayepakiwa wa kwanza ni yule aliyekua haraka kuliko wenzake. Mchinjaji anamlipia vizuri, na mwenye ng'ombe ana karo ya watoto inayomngoja. Malishoni anabaki yule aliyedumaa, ambaye hakuna aliyemtaka. Baada ya miezi michache huyo ndiye anayepanda majike. Fanya hivyo miaka kumi, utakuwa umeuchagua udogo kwa mikono yako mwenyewe, halafu lawama zote tunayapa majani.

Majani yana sehemu yake, na kupe vilevile. Lakini ukichukua ng'ombe waliokula kilima kimoja, tofauti ya uzito kati yao wakati wa kuachishwa kunyonya hutokana na urithi kwa karibu robo. Wakifikisha mwaka mmoja au mmoja na nusu, sehemu hiyo hukaribia asilimia 40, kwa sababu wakati huo maziwa ya mama hayamfichi tena ndama dhaifu. Ndiyo maana nasema fahali asichaguliwe akiwa bado ananyonya.

Tupige hesabu. Fahali wako wa miezi 18 amewazidi wenzake kilo 40 kwenye malisho yaleyale. Asilimia 40 ya hizo ni kilo 16, na ndama hupata nusu ya urithi kwa baba, yaani kilo 8. Zinaonekana chache. Lakini fahali mmoja akizalisha ndama 25 kwa mwaka, ni kilo 200 bila kuongeza hata tita moja la majani. Jike bora hawezi kukupa hivyo, kwani huzaa ndama mmoja tu.

Kosa ninaloliona sana ni kulinganisha ndama wasio na umri mmoja. Wa kwanza alizaliwa na kilo 28, na siku ya 240 ana kilo 150. Wa pili alizaliwa na kilo 25, na siku ya 190 ana kilo 135. Kwa macho, wa kwanza ndiye mkubwa. Sasa toa uzito wa kuzaliwa, gawa kwa siku alizoishi, zidisha kwa 205, ili wote wapimwe kama wana umri mmoja wa siku 205, kisha rudisha uzito wa kuzaliwa: wa kwanza anapata kilo 132, wa pili karibu 144. Wa pili ndiye wa kubaki. Hapo unahitaji daftari lenye tarehe za kuzaliwa, basi. Ndama wa mtamba aliyezaa mara ya kwanza mhurumie kidogo, maana maziwa ya mama yake bado ni machache.

Huna mizani? Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawa kwa 10,838. Kifua cha 160 na urefu wa 130 ni kama kilo 307. Si sawa kabisa na mizani, ila kwa kuwapanga wa kundi moja inafaa sana.

Najua wazee wetu humpenda ng'ombe wa Ankole, yule wa pembe ndefu, kwa pembe na rangi yake, nami nampenda. Ila pembe hazipimwi machinjioni. Kati ya mafahali wawili wenye pembe nzuri, mchague mwenye kifua.

Jihadhari pia na tamaa ya ukubwa. Urithi unaoleta uzito mkubwa ukubwani mara nyingi huja na ndama mkubwa tumboni. Mfano mkali ni ng'ombe wa Bleu Belge wenye misuli maradufu. Mwaka 1997 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Liège, walionyesha kwamba sababu ni jeni moja, ya miostatini, ambayo kazi yake ni kuizuia misuli isizidi. Kwa ng'ombe hao imeharibika, na Ubelgiji ndama wengi wa aina hiyo hutolewa kwa upasuaji. Usiku, mvua ikinyesha huko Masisi, veterineri wa kufanya upasuaji huo utampata wapi? Mitamba midogo ya Ankole ipandishwe na fahali ambaye mwenyewe alizaliwa mwepesi kisha akakua upesi. Wapo, na daftari litakuonyesha.

Fahali huyo asikae zaidi ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu binti zake wanafikia umri wa kupandwa, na ndama wa baba na binti hudumaa, wengine hufa mapema. Badilishana na jirani wa kilima kingine, lakini kwanza veterineri awapime mafahali wote wawili brusela, ugonjwa unaoharibu mimba za ng'ombe. Wale wengine wa kiume wahasiwe mapema, wanenepe, na hao ndio wapande lori la Goma.