Radi na uzio wa umeme: kagua nondo za ardhini kabla mvua hazijaanza

Uzio wangu wa kwanza wa umeme niliufunga kuzunguka zizi la mbuzi kwa sababu ya fisi, na mashine inayopeleka umeme kwenye nyaya ilidumu wiki tatu. Mvua ya kwanza ya Oktoba ilikuja jioni ikitokea upande wa ziwa, radi ikapiga kilima cha pili, wala haikugusa zizi. Asubuhi taa ya mashine haikuwaka, na nilipoisogeza puani ilinuka plastiki iliyoungua. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kinga ya radi nilikuwa nimeinunua na kuifunga. Niliifunga vibaya, na tangu hapo nimeona kosa hilohilo kwenye mazizi mengi ya Kigoma.

Watani hupenda kusema sisi watu wa Kigoma radi tunaitengeneza wenyewe. Ukweli ni kwamba tunatazamana na mashariki mwa Kongo, sehemu inayopigwa radi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani. Vipimo vya setilaiti vimeiweka Kabare, kule karibu na Ziwa Kivu, nafasi ya pili kwa dunia nzima, zaidi ya radi 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Inayoitangulia ni sehemu moja tu, Ziwa Maracaibo kule Venezuela. Kwa hiyo mfugaji wa Kasulu, Buhigwe au Kibondo anayefunga uzio wa umeme asijiulize kama radi itafika. Aiandalie njia ya kupita.

Radi haihitaji kupiga uzio wenyewe ili iuharibu. Ikipiga jirani tu, nyaya ndefu zilizotandazwa hewani hupata msukumo mkubwa wa umeme kwa ghafla. Nyaya hizo tumezishikiza kwenye vihami ili umeme usivujie kwenye nguzo, hivyo msukumo ule haupati pa kushukia. Unakimbia na waya mpaka kwenye mashine, unapita ndani yake na kutokea kwenye nondo zilizochimbiwa ardhini, zile mafundi wanazoziita ethi. Mashine ndiyo inakuwa daraja.

Kinga ya radi ni kidude chepesi: vipande viwili vya chuma vilivyoachiwa mwanya mdogo. Kimoja kinaunganishwa na waya wa uzio, cha pili na nondo za ardhini. Mpigo wa kawaida wa mashine, volti elfu kadhaa kwa muda mfupi mno, hauwezi kuruka mwanya ule. Radi inaruka. Lakini ikisharuka lazima ikute ardhi inayoipokea, na hapo ndipo nilipoharibu. Kuokoa pesa ya nondo, niliifunga kinga kwenye nondo ileile ya mashine. Radi ilishuka vizuri, ikafika kwenye nondo moja iliyosimama kwenye udongo mkavu, ikashindwa kuenea, ikapanda tena kwa waya wa ethi mpaka ndani ya mashine.

Kinga inataka nondo zake yenyewe, angalau mita 10 kutoka zilipo za mashine, na ziwe bora kuliko za mashine. Kama mashine ina nondo tatu, kinga ipe nne. Kila moja iwe na urefu wa karibu mita 2, na kati ya nondo na nondo uache kama mita 3. Nunua za galvanaizi, yaani zilizopakwa zinki. Nondo ya kujengea nyumba inashika kutu haraka, na kutu inazuia umeme. Usiunganishe nondo ya galvanaizi na waya wa shaba, maana kwenye unyevu madini hayo mawili yanalana. Na tumia klempu, kibanio cha kukazwa kwa skrubu. Waya uliosokotwa kwa koleo hulegea baada ya msimu mmoja. Nondo za mashine nazo zikae mita 10 au zaidi kutoka kwenye ethi ya nyumba, kama una umeme wa TANESCO.

Sasa tazama majira yetu. Radi za kwanza hutukuta ardhi imetoka kwenye kiangazi cha miezi minne au mitano, kavu kama jivu, na udongo mkavu haupitishi umeme. Uzio uliokuwa salama Machi unaweza kuwa hatarini Oktoba bila kuguswa na mtu. Tafuta sehemu inayobaki na unyevu: kwenye migomba, au pale yanapomwagikia maji ya kuogea. Penye mwamba usiopenyeka, chimba mtaro na ulaze nondo humo. Usimwage chumvi kama wengine wanavyoshauri, inaila nondo.

Kupima kama nondo za mashine zinatosha si kazi ngumu. Mwishoni mwa kiangazi, nenda umbali wa mita 100 hivi kutoka kwenye mashine, zima, egemeza vipande vya chuma kwenye waya hadi vishike ardhi, kisha washa. Ongeza vyuma mpaka volti za uzio zishuke chini ya 2,000. Rudi upime kwenye nondo ya mwisho ya mashine. Ukikuta zaidi ya volti 300, ongeza nondo. Kipimo cha volti cha uzio ni tofauti na kile cha fundi wa nyumba, ambacho kitaungua.

Kati ya kinga na mashine, zungusha waya mara kumi hivi, duara la ukubwa wa ndoo, ukaufunge usifumuke. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya mafundi kujikuza, lakini koili ile hukataa msukumo wa ghafla na kuruhusu mpigo wa kawaida upite, hivyo radi huona njia ya kinga ni rahisi zaidi. Waya wa kupita chini ya geti usiwe ule wa nyumbani, ganda lake halikutengenezwa kwa volti elfu kadhaa.

Hata hivyo, radi ikipiga uzio wenyewe hakuna kidude kitakachokuhakikishia mashine. Mawingu yakianza kujikusanya, chomoa waya wa uzio na pia plagi ya TANESCO, kwa kuwa radi huingia hata kwa njia ya umeme wa nyumba. Wenye sola wachomoe betri. Ncha ulizochomoa zitenganishe vizuri, zisiachwe zikikaribiana. Ngurumo ikishasikika umechelewa: kaa ndani, mashine ina bei lakini unaweza kununua nyingine. Mbuzi nao wasiachwe wakijibanza chini ya mwembe ulio kando ya uzio.

Mvua ikikatika, fungua kinga uitazame. Mwanya ukiwa mweusi, au buibui na nyigu wamejenga humo, usafishe kwa kitambaa kikavu. Ukisikia tiki-tiki pale kwenye mwanya kila sekunde, basi vyuma vimekaribiana mno na mpigo wako mwenyewe unavujia ardhini. Viachanishe kidogo kidogo hadi mlio ukome.