Kipindi cha sayansi kikiisha, leta ndoo ya maji

Nakaa na watoto wawili wa kaka yangu hapa Tanga, binti wa darasa la tatu na mdogo wake wa la kwanza. Ubongo Kids wanaipenda kweli. Ilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kwa hadithi na nyimbo, na muziki wake ukishaanza hata ukiwaita kula hawasikii. Siku moja binti aliimba wimbo mzima bila kukosea neno. Nikamuuliza, "Huo wimbo unasema nini?" Akaniimbia tena.

Kuvutiwa alikuwa amevutiwa. Kuelewa, bado. Tangu siku hiyo tunatazama hivi.

Keti nao. Najua saa hizo kuna kupika. Mimi huchambulia mchicha wangu pale pale mkekani.

Kisha wakatishe. Hili nilifundishwa na umeme. Ulikatika wakati wahusika wamekwama kwenye tatizo, na wale wawili wakabishana gizani karibu robo saa: watajinasua vipi? Sijawahi kuwasikia wakitoa hoja nzuri namna ile baada ya kipindi kizima. Usingoje umeme ukatike. Ukitazamia kwenye simu, simamisha. Ikiwa ni kwenye TV, punguza sauti kidogo uulize, "Unadhani itakuwaje? Kwa nini?" Usimsahihishe. Mtoto akishakisia, atatazama kwa hamu ajue kama amepatia.

Kipindi kikiisha, zima. Kimoja kinatosha. Sasa leta ndoo.

Tuseme somo lilikuwa kuelea na kuzama. Chukua chungwa (sisi ya Muheza hatuyakosi) na kila mtoto aseme kwanza litaelea au litazama. Litie na ganda lake: linaelea. Limenye, uondoe na ule utando mweupe, ulitie tena: linazama. Mdogo alikataa katakata. "Shangazi, si umelipunguza uzito? Mbona limezama?" Swali kama hilo usikimbilie kulijibu, hata kama jibu unalo. Mpe ganda alikandamize chini ya maji, aone linavyorudi juu. Akishacheza nalo, ndipo umweleze kwamba ganda lina vijishimo vya hewa: linalifanya chungwa kuwa kubwa bila kuliongezea uzito mwingi, kama maboya ya wavuvi kwenye nyavu. Maboya wameyaona ufukweni, hapo hawakuhitaji maelezo zaidi.

Jioni nyingine jaribu yai bichi. Kwenye maji matupu linazama. Koroga chumvi, vijiko vya chakula kadhaa kwa bilauri, linaelea.

Kwa wadogo zaidi, wa miaka mitatu hadi sita, kuna Akili and Me. Usidhani ni katuni za kumtuliza mtoto tu. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watoto waliokitazama walipiga hatua kuliko wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na kuchora. Kwa umri huo maswali yawe mafupi. Kikihesabiwa kitu, nanyi hesabuni vijiko.

Kesho yake mwache mtoto amfundishe mtu ambaye hakutazama. Hapo ndipo utakapojua kilichoingia na kilichopita. Binti alimfundisha bibi yake, chungwa mkononi, wala hakuimba. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na nazi iliyofuliwa je?"

Binti akajibu itazama, maana imeshavuliwa makumbi. Tukaitia. Ikaelea. Sasa wote wawili wamenishikilia niivunje, waone ndani mna nini.