Seva mbili zikijiona zote ni kubwa: ninavyopanga na kutibu klasta hapa Dodoma

Nalea seva za ofisi moja hapa Dodoma yenye watumishi kama mia tatu. Wadogo zangu mafundi wanaoanza kazi huniuliza seva ikifa wafanye nini. Seva ikifa imekufa, unaijua, mwenzake anashika kazi. Ninachokiogopa kwenye klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ni seva mbili zilizo hai zisizosikiana, kila moja ikiamini mwenzake amekufa. Hapo ndipo data inapoharibika, na taa zote zikiwa za kijani.

Ilitutokea Januari moja, kipindi cha mvua, saa tisa alasiri. Tulikuwa na seva mbili, DRBD ikinakili kila kinachoandikwa kutoka moja kwenda nyingine, Pacemaker na Corosync zikiamua nani ashike huduma. Umeme ukakatika, jenereta ikawaka. Seva zilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba), na swichi kubwa ya mtandao ya watumiaji pia. Lakini ile swichi ndogo iliyounganisha seva hizo mbili tulikuwa tumeichomeka kwenye soketi ya ukutani, kwa sababu siku ya ufungaji nafasi za UPS zilikuwa zimejaa. Umeme uliporudi ulicheza, adapta ya swichi hiyo ikaungua. Mapigo ya moyo ya klasta, yaani ujumbe wa kila mara wa "nipo hai", na njia ya kunakili data vilipita humo vyote viwili. Kila seva ikaona mwenzake kimya, zote zikajipandisha kuwa kubwa, yaani yenye haki ya kuandika data, zote zikashika anwani ileile ya mtandao (IP). Kwa dakika arobaini nusu ya watumishi waliandika risiti kwenye seva ya kwanza na nusu kwenye ya pili. Hakuna aliyeona kosa lolote kwenye kioo chake.

Kuziunganisha risiti zile kulituchukua siku tatu, tukizisoma moja moja kutoka kwenye karatasi za kaunta.

Kwa hiyo upangaji wangu huanzia hapo. Sisi tunaoishi karibu na Bunge neno akidi halitupi shida: wajumbe wasipotimia, kikao hakipitishi uamuzi. Klasta nayo hivyo hivyo, ila yenyewe inataka zaidi ya nusu ya kura. Kila seva ya klasta ni nodi yenye kura moja: nodi tatu zinahitaji kura mbili, tano zinahitaji tatu. Nodi nne zinahitaji tatu pia, maana yake nodi ya nne haikuongezei uvumilivu wowote: ukiwa na tatu unastahimili kifo cha moja, ukiwa na nne bado ni moja. Ukiwa na mbili, ikifa moja hakuna akidi. Corosync ina njia ya kulizunguka hilo, `two_node: 1`, inayoiruhusu nodi moja iendelee peke yake. Tuliiweka. Kisha aliyetufungia akaweka `stonith-enabled=false`, yaani kuondoa kinga ya STONITH ninayoieleza hapa chini, ili maonyo yapotee kwenye kioo, nasi tukapokea kazi bila kuuliza. Mambo hayo mawili yakikaa pamoja, ajali kama yetu inangoja siku tu.

STONITH ni utaratibu wa kumzima kwa nguvu mwenzako asiyejibu kabla hujagusa data yake. Usiuondoe. Seva nyingi za ofisini zina bodi ndogo ndani yake yenye waya wake wa mtandao, iLO kwa HPE, iDRAC kwa Dell, na klasta huitumia hiyo kuzima seva. Lakini angalia mtego: bodi hiyo inakula umeme wa seva ileile. Seva ikikosa umeme kabisa, bodi nayo imekufa, amri ya kuzima haijibiwi, na klasta iliyo salama itabaki inangoja badala ya kuwasha huduma. Ndiyo maana unahitaji njia ya pili ya kuzimia, kwa mfano soketi za raki (kabati la seva) zinazoamriwa kupitia mtandao. Na umpe mmoja ucheleweshaji wa sekunde chache kwa `pcmk_delay_base`, la sivyo waya ukikatika zitazimana zote mbili kwa pamoja.

Kura ya tatu tuliipata kwa bei ndogo. Kompyuta ya kawaida yenye `corosync-qnetd`, haihifadhi data yoyote, kazi yake kupiga kura tu. Tumeiweka jengo jingine, kwenye umeme mwingine. Ukiiweka raki ileile hujafanya kitu. Kati ya seva zenyewe sasa kuna kebo mbili za moja kwa moja bila swichi, na njia nyingine ya ziada inapita swichi kubwa. Halafu nilichukua karatasi nikafuata kila waya wa umeme kwa kidole, kutoka kifaa hadi UPS, nikiandika. Zoezi hilo lilichukua asubuhi moja na nikakuta vifaa vingine viwili vimechomekwa ukutani. Fanya hivyo kabla ya kununua chochote.

Kuhusu hifadhi, anza na watu wanaoitumia. Muulize mhasibu: data ya dakika ngapi ikipotea unaweza kuiandika upya? Muulize tena: unaweza kukaa saa ngapi bila mfumo? Mhasibu wetu alisema hata risiti moja isipotee, lakini saa mbili bila mfumo anavumilia. Mtunza kumbukumbu alisema siku nzima kwake si neno. Majibu hayo ndiyo yaliyotupa mchoro: risiti zinanakiliwa papo hapo kwenye seva ya pili, nyaraka zinanakiliwa usiku.

Wakubwa walitaka nakala ya papo hapo Dar es Salaam pia. Nilikaa nao tukapiga hesabu. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba hutumia kama mikrosekunde 5 kwa kilomita. Kilomita 450 kutoka hapa hadi Dar, kwenda na kurudi, ni milisekunde 4.5 hata kabla ya vifaa vya njiani kuongeza zao. Kunakili kwa papo hapo maana yake kila uandishi ungoje jibu kutoka huko. Kazi yenye maandishi elfu moja yanayofuatana inaongezeka sekunde nne na nusu, na kufunga hesabu za mwezi kwetu ni maandishi mengi zaidi ya elfu. Tukakubaliana Dar ipokee nakala inayochelewa kidogo.

Kwa diski, RAID ni kuziunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki; RAID 5, inayostahimili kifo cha diski moja tu, siitumii tena kwenye diski kubwa. Diski ya TB 8 ikijengwa upya kwa MB 100 kwa sekunde inahitaji zaidi ya saa 22, na hiyo ni kama hakuna anayefanya kazi. Muda wote huo RAID 5 haina kinga, na diski zilizobaki, zilizonunuliwa siku moja na kuzeeka pamoja, zinasomwa mwanzo hadi mwisho. RAID 6 inastahimili vifo viwili. Diski ya akiba iwe kabatini kwako, maana ukianza kuagiza Dar siku ya msiba umeshachelewa. Na katika miezi ya kiangazi, upepo wa hapa unapobeba vumbi jekundu, safisha vichujio vya hewa vya chumba cha seva kila wiki. Joto likipanda, feni hupiga kelele kwanza. Sikiliza.

Jihadhari pia na kugawa nafasi usiyonayo. Mifumo mingi inakuruhusu kuziahidi seva TB 20 ilhali diski zina TB 12, kwa matumaini kwamba hazitajaa zote kwa wakati mmoja. Watu wa Dodoma tunajua shida ya kiwanja kimoja kuwa na wamiliki wawili. Ukiamua kufanya hivyo, weka onyo likufikie kwenye simu nafasi halisi ikifika asilimia 70. Ceph, programu ya kutandaza hifadhi kwenye seva nyingi, yenyewe huonya ikifika asilimia 85 na kukataa kuandika ikifika 95, na diski moja ikishafika hapo klasta nzima husimama hata kama nyingine zina nafasi. Ukiwa na seva tatu na nakala tatu, kumbuka TB 30 za diski ni TB 10 za kazi, na seva moja ikifa hakuna mahali pa kuijengea nakala ya tatu mpaka uirudishe.

Sasa simu imelia, mfumo umekwama. Usiwashe upya chochote. Kuwasha upya kunafuta ushahidi, na kama seva mbili zinagombana kunaweza kumpa ushindi mwenye data mbovu. Nenda na `pcs status` na `corosync-quorumtool -s` kwenye kila nodi, usiiamini moja peke yake. Zikikupa majibu tofauti kuhusu nani yupo, shida yako ni mtandao kati yao. Kisha `drbdadm status`. Ukiona StandAlone (imejitenga, hainakili) pande zote mbili, simamisha huduma kwanza, waambie watumishi waache kuandika.

Hapo utalazimika kuchagua nani apoteze. Kabla ya kuchagua, nakili data ya pande zote mbili mahali pa tatu. Sisi tuliokoa risiti kwa sababu hiyo tu. Ukishanakili, kwenye seva inayoachiliwa: `drbdadm disconnect`, `drbdadm secondary`, halafu `drbdadm connect --discard-my-data`, kila amri na jina la rasilimali yako. Kwenye inayobaki, `drbdadm connect`. Soma jina la seva kwenye kioo kwa sauti kabla ya kubonyeza. Mimi humwita mwenzangu asimame nyuma yangu naye alisome.

Kama klasta ni nzima ila mfumo ni mzito, angalia `df -h` kisha `df -i`, kwa sababu diski inaweza kuwa na nafasi lakini imeishiwa idadi ya mafaili. Umefuta logi kubwa (faili la kumbukumbu za programu) na nafasi haijarudi? `lsof +L1` itakuonyesha programu ambayo bado imelishikilia. Baada ya hapo `iostat -x 5`, tazama muda wa kungoja wa kila diski. Moja ikiwa mbali na wenzake, `smartctl -a`, na sekta zinazosubiri kuhamishwa zikiongezeka kila siku, ibadilishe leo. Kama hifadhi iko nje ya seva, `multipath -ll`: njia moja ikiwa imekufa huduma inaendelea na hakuna anayelalamika, mpaka ya pili ife.

Na bakapu iwepo pembeni ya haya yote. Mtumishi akifuta jedwali, klasta inalifuta kwa uaminifu pande zote mbili sekunde hiyohiyo. Kila mwezi turudishe bakapu kwenye mashine tupu na mhasibu mwenyewe athibitishe risiti zake.

Jumamosi ya kwanza ya kila robo mwaka tunang'oa kebo kwa makusudi: kwanza zile za kati ya seva, kisha za umeme za seva kubwa. Tunaandika saa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa raki. Mara ya mwisho huduma ilirudi baada ya sekunde 52, na nyingi kati ya hizo zilikuwa hifadhidata ikisoma upya logi zake, kwa hiyo robo ijayo tunaanza na hiyo.