Kabla Bikoni Hazijawekwa, Tembeeni Mtaa Wenu

Mimi ni mama wa Mbagala, mjumbe wa kamati ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima mitaa ambayo watu wameshajenga bila kupimiwa. Kama na ninyi mnajiandaa kupimiwa na kuwekewa bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, nawaomba msiukubali mchoro wa ramani ya mtaa mezani kabla hamjautembea.

Chukueni saa, daftari, na watu wenye mwendo wa pole: bibi mwenye mkongojo, mama aliyebeba mtoto, mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mtu mzima mwenye afya huenda mita 400 kwa dakika 5. Bibi wa kwetu alitumia 12, na alikaa mara mbili. Anzieni nyumba ya mwisho kabisa, mwende zahanati, shuleni, kwenye gati la maji, gengeni, kituo cha daladala. Andikeni dakika, na kila mliposimama andikeni kwa nini. Sisi bati la shule tunaliona tukiwa uani, lakini ukuta mmoja umeziba kichochoro, watoto wanazungukia barabara kubwa. Mchoro haukulionyesha hilo.

Masika rudieni tena. Mtaro usio na kivuko hauna tofauti na ule ukuta.

Kazi ngumu ni kuomba ardhi. Sinza, hapahapa Dar es Salaam, ilipimwa miaka ya 1970, viwanja kwanza nyumba baadaye. Sisi tumeshajenga, kwa hiyo njia itatoka kwenye viwanja vya majirani. Msianzie kwenye mkutano wa mtaa. Mtu akiombwa mbele za watu hukaza. Nendeni jioni, nyumba kwa nyumba, na futi kamba mkononi. Ombeni kipimo kilekile pande zote mbili, na wa kwanza kumega awe mjumbe wa kamati. Mimi nilibomoa banda langu la kuku. Mzee mmoja alikataa mara mbili, ya tatu akatoka nje, akakitazama kichochoro, akauliza, "Sasa siku yangu ikifika, jeneza litapitaje hapa?" Akatoa mita nzima.

Mama lishe na wauza mboga waacheni njia panda, chini ya mwarobaini, walipo wateja wao. Uwanja wa watoto uandikwe kwenye mchoro kuwa eneo la wazi, usipoandikwa utauzwa.

Mchoro ukirudi kutoka manispaa, msisaini siku hiyohiyo. Shikeni daftari lenu, mkamchukue bibi yuleyule, mtembee upya.