Kukinga Ini la Familia dhidi ya Sumukuvu, Kuanzia Uwanjani hadi Chunguni

Katikati ya mwaka 2016, wagonjwa walianza kufikishwa katika vituo vya tiba vya Chemba, Kondoa na Kiteto wakiwa na macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na kutapika kusikokoma, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Uchunguzi ulionesha kuwa chanzo kilikuwa mahindi ya chakula chao cha kila siku, ambayo yalikuwa na sumukuvu nyingi kupita kiasi. Tangu hapo neno hilo limezoeleka masikioni mwa wakazi wa Dodoma, ingawa kulizoea neno si sawa na kujua la kufanya mavuno yanapoingia nyumbani.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaostawi kwenye nafaka na mbegu za mafuta zenye unyevu, hasa mahindi na karanga, katika joto kama hili letu la nyuzi 25 hadi 35. Haina harufu wala ladha, na kuchemsha ugali au kukaanga karanga hakuiondoi. Hakuna dawa ya kuifuta ikishaingia mwilini. Mgonjwa hutunzwa tu hospitalini huku ini lake likipambana. Anayekula kiasi kidogo kwa miaka mingi haoni dalili yoyote, lakini hatari yake ya kupata saratani ya ini huongezeka, na huongezeka zaidi sana ikiwa pia ana homa ya ini aina B. Kwa hiyo ushauri wa daktari katika jambo hili unahusu turubai, ungo na gunia zaidi ya vidonge.

Anza na ukaushaji. Mahindi yakishavunwa yasirundikwe juu ya udongo hata kwa usiku mmoja, kwa kuwa kuvu hao huishi udongoni na rundo hutunza joto na unyevu. Yaanike juu ya turubai au kichanja, yageuze mara kadhaa kwa siku, na jioni yafunike kabla umande haujashuka. Paa la tembe, ambalo wazee wetu walilitumia kuanikia, lina faida ya kuwa mbali na mifugo, ila nalo ni udongo, hivyo turubai lisikosekane.

Wengi hupima ukavu kwa kutafuna punje, njia ambayo hutegemea meno ya mpimaji. Ipo njia bora isiyo na gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko, tia mahindi hadi kufikia robo yake, kisha ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi uliyoianika juani hadi ikakauka. Funga, tikisa kwa dakika chache, halafu iache itulie kwa robo saa. Ukiona chembe za chumvi zimeganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Chumvi ikianguka yote chini, yamekaribia. Yaanike tena siku mbili, kwa sababu ghalani yanatakiwa yawe na takribani asilimia 13. Karanga hutaka ukavu zaidi, yaani asilimia 7 hivi, na zikifikia hapo mbegu hulia ndani ya ganda unapolitikisa.

Kuhusu karanga kuna kosa moja ambalo linastahili kusemwa kwa ukali. Ili vidole visiumie wakati wa kubangua, watu hulowesha maganda kwa maji, kisha hutia mbegu kwenye gunia zikiwa bado na unyevu. Msimu mmoja nilinunua debe la karanga zilizobanguliwa, nzuri kwa macho, na baada ya majuma matatu nilipoingiza mkono katikati nikakuta joto na vumbi la kijani. Tangu siku hiyo hununua karanga zikiwa na maganda yake, nikazibangua kavu nyumbani, hata kama kazi huchukua jioni nzima.

Uchambuzi ndio hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwa mpishi, kwa sababu sumu haisambai sawasawa: mara nyingi hukusanyika katika punje chache zilizoharibika. Mwaga karanga kwenye ungo palipo na mwanga wa jua, zitandaze zisipandane, na uondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na zenye ukungu. Fanya hivyo pia kwa mahindi kabla ya kuyapeleka mashineni. Zile ulizozitoa usizipe kuku, usimpe ng'ombe wa maziwa na usizifanyie kimea cha pombe, zifukie. Sumu anayokula ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa, na hapo ndipo humfikia mtoto.

Kukoboa kunasaidia, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye pumba na kiini. Dona ina lishe zaidi ya sembe, na siisemi vibaya, lakini dona ya mahindi ambayo huyajui yalikotoka ni afadhali uiache. Uangalifu huu uwe mkubwa zaidi kwa unga wa lishe wa mtoto, ambao mara nyingi huchanganya mahindi na karanga, yaani mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi, na kisha hulishwa kila siku kwa mwili mdogo. Uwele, mtama na ulezi huathirika kidogo kuliko mahindi, hivyo vinafaa kuchukua nafasi kubwa katika uji huo.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja. Mifuko ya kinga njaa, ile yenye matabaka ya plastiki yasiyopitisha hewa, hulinda vizuri dhidi ya wadudu na kuvu, mradi nafaka iwe imekauka. Mahindi mabichi ukiyafungia humo utakuwa umeyavundika.

Watoto hupewa chanjo ya homa ya ini aina B bila malipo wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, na mtu mzima anaweza kupimwa na kuchanjwa hospitalini. Iwapo mtu nyumbani atapata manjano machoni, mkojo wa rangi ya chai, kutapika au kuvimba tumbo, mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo, acheni kula unga uliokuwa ukitumika, na mchukue kiasi kidogo cha unga huo katika mfuko safi ili mganga aweze kuupeleka maabara.