Jumapili bila kufokeana

Wapendwa, haswa nyinyi wa Likoni hapa Mombasa mnaovuka na feri kwenda kanisani town, malizeni kazi za nyumba Jumamosi kabla giza. Jazeni mitungi maji yakiwa bado yatoka, maana yakikatika asubuhi ni kungoja mwenye mkokoteni na hapo ndo watu huanza kufokeana, pigeni pasi nguo zote stima ikiwepo, viatu vya kila mtoto viwekwe mlangoni soksi ndani yake, watoto wenyewe wafanye hiyo wanaweza kabisa. Na kama wewe na mwenzio mmekwaruzana mmalize jioni hiyo hiyo, Waefeso 4:26 yasema jua lisitue mkiwa na hasira, kwangu hilo ni kubwa kuliko nyumba kung'aa. Vyombo pia visilale vichafu, kwa joto letu harufu yaanza mapema.